Rafiki Akikuagiza Uchome Hekalu

Mwaka 132 KK, mjini Roma, mtu mmoja aitwaye Gaius Blossius alifikishwa mbele ya wakuu wa dola kujieleza. Mwaka uliotangulia, rafiki yake Tiberius Gracchus, aliyepigania ardhi ya umma igawiwe wakulima maskini, alipigwa hadi kufa na kundi la maseneta na wafuasi wao, pamoja na watu wapatao 300 waliokuwa upande wake. Sasa waliosalia walikuwa wakisakwa. Blossius hakuukana urafiki huo. Alisema alimheshimu Tiberius kiasi cha kuona ni wajibu wake kutenda lolote atakalo. Akaulizwa: hata kama angekutaka ulitie moto hekalu la Capitolium, mahali patakatifu kuliko pote Roma? Akajibu kwamba Tiberius asingetaka kamwe jambo la namna hiyo. Alipobanwa zaidi, akakiri kwamba kama angelitaka, yeye angelitekeleza.

Jibu hilo halikuwatoka Warumi vichwani. Mwanasiasa na mwanafalsafa Cicero, akiandika karibu miaka 90 baadaye, alilitaja kama mfano wa urafiki ulioharibika ukageuka kuwa ushirika wa uovu. Valerius Maximus, mkusanyaji wa visa aliyeishi chini ya mfalme mkuu Tiberius (si Gracchus), aliyaona maneno yale kuwa mabaya, lakini akamweka Blossius katika sura yake ya urafiki na kuustahi uthabiti wa mtu ambaye angeweza kujiponya kwa kunyamaza tu, asinyamaze. Na Blossius hakuwa mhuni wa mitaani. Alikuwa mwanafalsafa wa Kistoiko, mfuasi wa shule iliyofundisha kwamba hakuna jema duniani ila uadilifu.

Mara nyingi falsafa ya Kirumi kuhusu urafiki husimuliwa kama orodha ya sifa za rafiki mwema: awe mkweli, mwaminifu, asiwe msifiaji wa uongo. Sifa hizo zimo. Lakini ukiwasoma Warumi wenyewe unakuta jambo lililowaumiza ni jingine. Uadilifu ukishika njia yake na rafiki akashika yake, umfuate nani? Na ukiufuata uadilifu, je, una ruhusa ya kuendelea kumpenda uliyemwacha? Swali la kwanza walilijibu vizuri kuliko watu wengi. La pili, kwa maoni yangu, mwanafalsafa wao mkubwa alilijibu vibaya, na aliyelijibu vyema hakuwa mwanafalsafa.

Urithi wao ulitoka Uyunani. Aristotle alikuwa amekwisha kugawa urafiki katika aina tatu: wa manufaa, wa starehe, na wa watu wema wanaopendana kwa sababu ya wema wao, huo wa tatu ndio aliouona kuwa kamili. Baada yake zikaja shule mbili ambazo msomaji wa Biblia ya Kiswahili anazijua kwa majina kutoka Matendo ya Mitume, pale Paulo anapokutana Athene na Waepikureo na Wastoiko. Epikuro alisema urafiki huzaliwa na haja ya kusaidiana na kujihisi salama, ingawa ukikua huwa na thamani isiyopimika. Yeye na wafuasi wake waliishi hivyo bustanini mwao, wanawake na watumwa wakiwamo. Wastoiko walisema mwenye hekima peke yake ndiye awezaye kuwa rafiki, na mwenye hekima wa kiwango chao alikuwa adimu kiasi kwamba wao wenyewe hawakuwa na hakika kama amewahi kuonekana.

Mafundisho haya yalipofika Roma yaliukuta urafiki tayari una kazi nyingine. Kwa tabaka la watawala, rafiki alikuwa mtu wa kukupigia kura, kukukopesha, kukutetea mahakamani na kumwandikia gavana barua ili mtu wako apate nafasi. Kitabu kizima kimoja katika mkusanyo wa barua za Cicero, cha 13, ni barua za mapendekezo ya namna hiyo. Alfajiri watu walipanga foleni kwenye kumbi za wakubwa kuwaamkia, na wengi wao waliitwa marafiki. Hata wafalme wa nchi za mbali walipewa cheo cha kuwa rafiki wa watu wa Roma, jambo lililomaanisha kwamba wanatii. Kwa hiyo Mrumi alipoamua kuandika kuhusu rafiki wa kweli, alikuwa akijaribu kulinusuru jambo lililokuwa limetumika mno sokoni na barazani.

Cicero aliandika kitabu chake kifupi, *Laelius*, mwaka 44 KK, akiwa na miaka 62. Binti yake Tullia alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tarehe 15 Machi ya mwaka huo wa 44 dikteta Julius Caesar aliuawa, na miongoni mwa waliomwua walikuwamo watu aliowasamehe, akiwapa vyeo na kuwaita rafiki. Wasomaji wa Kiswahili wanakijua kisa hicho kupitia tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri miaka ya 1960: Brutus anamchoma kisu mtu anayempenda, kwa ajili ya Roma. Cicero hakuwa katika njama, lakini alishangilia. Katika miezi hiyohiyo ndipo akaketi kuandika juu ya urafiki, na kitabu akamtunukia Titus Pomponius Atticus, rafiki yake tangu ujana.

Hakukitaja kifo cha Caesar. Mazungumzo aliyarudisha nyuma miaka 85, hadi 129 KK, siku chache baada ya kifo cha Scipio Aemilianus, jemadari aliyeibomoa Carthage. Msemaji ni Laelius, aliyeitwa Mwenye Hekima, rafiki wa Scipio wa maisha yote. Wanaomhoji ni wakwe zake wawili, Fannius na Scaevola. Cicero anasema alisimuliwa mazungumzo hayo akiwa kijana na Scaevola mwenyewe, siku watu walipokuwa wakistaajabia ugomvi wa Publius Sulpicius na Quintus Pompeius. Hao walikuwa marafiki wa chanda na pete. Mwaka 88 KK siasa iliwafanya mahasimu, na kabla ya mwaka kwisha wote wawili walikuwa wameuawa. Kwa hiyo kitabu kinachoonekana kuwa cha utulivu kimezungukwa na damu pande zote, na sidhani kama Cicero aliyachagua mazingira hayo kwa bahati.

Hoja yake kuu ni kwamba urafiki hauwezi kuwapo ila baina ya watu wema. Hapo hapo anawaepuka Wastoiko: wema anaouzungumzia ni ule unaoonekana maishani, wa watu wanaotimiza ahadi, wasio na tamaa, wasioonea, wema wa Warumi wa zamani kama Fabricius na Curius, siyo wa malaika. Kisha anawageukia Waepikureo. Kama urafiki ungetokana na upungufu, anasema, basi mtu mnyonge kuliko wote ndiye angekuwa rafiki bora kuliko wote. Kumbe mambo ni kinyume: anayejitegemea na kujaa wema ndiye anayetafuta marafiki kwa moyo mkunjufu. Scipio hakumhitaji Laelius kwa lolote, wala Laelius hakumhitaji Scipio. Kilichowavuta ni kile ambacho kila mmoja alikiona kwa mwenzake. Faida zilikuja nyingi, lakini zilifuata nyuma ya mapenzi.

Msomaji wa Kiswahili huenda akasita hapa, maana tumelelewa na methali isemayo akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini Cicero na methali yetu hawagombani kama inavyodhaniwa. Yeye pia anakubali kwamba msukosuko ndio unaomfichua rafiki, na anasimulia kwamba mfalme Tarquinius alifukuzwa nchini ndipo akawajua waaminifu wake na wanafiki wake, wakati hana tena uwezo wa kuwalipa hawa wala wale. Dhiki inathibitisha urafiki; haiuzai. Anayekuja kwako siku ya msiba anaonyesha kitu kilichokuwapo kabla ya msiba. Kwangu hii ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote kitabuni, kwa sababu inaeleza kwa nini msaada wa mtu fulani unakutia moyo na wa mwingine, hata ukiwa mkubwa zaidi, unakuacha na deni tu.

Kutoka hapo anaitunga sheria yake: usimwombe rafiki jambo la aibu, na ukiombwa usilitende. Mantiki yake iko wazi. Kama uadilifu ndio uliowaunganisha, ukiuacha uadilifu kwa ajili ya rafiki unakata kamba iliyowafunga. Ndiyo maana jibu la Blossius halivumiliki kwake. Na ndiyo maana anawashambulia wasifiaji kwa ukali mkubwa kuelekea mwisho: anayekubali kila neno lako hakupendi, na ukweli mchungu wa rafiki ni sehemu ya upendo wenyewe. Anaongeza ushauri wa busara kuhusu muda: watu wanahitaji kula pamoja pishi nyingi za chumvi kabla urafiki haujakomaa, na kumpima mtu kunapaswa kutangulia kumpenda.

Lakini sheria hiyo ina tundu, na Warumi waliliona. Katika kitabu hichohicho Cicero anakubali kwamba, ikiwa uhai au jina jema la rafiki liko hatarini, unaweza kupinda kidogo kutoka njia iliyonyooka, mradi aibu kubwa isifuate. Kupinda kiasi gani? Hasemi. Katika karne ya 2 BK mwandishi Aulus Gellius alimlaumu kwa hilo. Gellius anaeleza kwamba Cicero aliitumia kazi ya mwanafalsafa wa Kiyunani Theophrastus juu ya urafiki, kisha akapita haraka mahali pagumu kuliko pote. Naye analeta kisa cha Chilon wa Sparta, mmoja wa wale wenye hekima saba wa Uyunani. Akiwa karibu kufa, Chilon alisema jambo moja tu lilimtia shaka maishani: aliwahi kuwa hakimu pamoja na wenzake wawili katika kesi ya rafiki yake iliyostahili hukumu ya kifo. Kura yake mwenyewe aliipiga kwa siri ya kumtia hatiani, kama sheria ilivyotaka, lakini akawashawishi wenzake wamwachilie. Dhamiri yake ya hakimu ilibaki safi, rafiki akabaki hai, na bado alikufa hajui kama alitenda haki.

Kisa cha Chilon kinamgusa kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ajira na kuona jina la mtu wake kwenye orodha. Sheria ya Cicero inamsaidia mtu anayeombwa achome hekalu. Haimsaidii sana anayeombwa neno moja la kumwinua mtu fulani, na kwa wengi wetu mtihani huja kwa sura hii ya pili.

Hata hivyo kasoro kubwa zaidi ilifichuliwa na mtu mwingine, mwaka uleule wa 44. Gaius Matius alikuwa rafiki wa Caesar. Hakutaka vyeo, na vita vya wenyewe kwa wenyewe hakuvipenda. Anasema hata mali yake ilipungua kwa sheria ya Caesar. Caesar alipouawa, alimlilia waziwazi, na Octavian, mrithi wake, alipoandaa michezo ya kumbukumbu yake, Matius alisaidia kuisimamia. Watu walinong’ona kwamba huyu anamtukuza dikteta. Minong’ono ilimfikia kwamba Cicero naye amemsema, akahuzunika. Cicero akamwandikia barua ya adabu nyingi. Ndani yake akaweka sentensi moja ya hatari: kama Caesar alikuwa mfalme, kama yeye Cicero anavyoona, basi wajibu wa Matius unaweza kujadiliwa pande mbili. Wengine watausifu utu wake wa kumpenda rafiki hata baada ya kufa, na wengine watasema uhuru wa nchi unapaswa kutangulizwa kuliko maisha ya rafiki.

Jibu la Matius limehifadhiwa, na kwangu ni moja ya barua bora kabisa tulizorithi kutoka Roma. Anasema hakumfuata Caesar kwa sababu ya chama. Alimfuata rafiki ambaye, ingawa hakupendezwa na alichokuwa akikifanya, hakuweza kumtupa. Ushindi ulipopatikana hakuchota chochote, bali aliwaombea walioshindwa wasamehewe. Sasa anaambiwa asihuzunike. Hata watumwa, anasema, wameachiwa kuogopa, kufurahi na kuumia kwa hiari yao, na hao wanaojiita wakombozi wanataka kumnyang’anya hata hilo kwa vitisho. Kuhusu michezo anajibu kwamba ilikuwa huduma ya binafsi kwa kumbukumbu ya mtu aliyempenda.

Tazama alivyo tofauti na Blossius. Hasemi angechoma hekalu, wala hasemi Caesar alikuwa sahihi. Hakuombwa jambo la aibu, wala hakulitenda. Kwa sheria ya Cicero hana kosa lolote, na bado anatakiwa ajieleze. Hapo ndipo tunaona kilichotokea kwa falsafa ile nzuri ilipoingia mtaani: kanuni iliyokusudiwa kuwazuia watu wasitende uovu kwa ajili ya rafiki ilikuwa imegeuzwa kuwa kipimo cha nani anaruhusiwa kupendwa na kuliliwa. Kama urafiki ni baina ya watu wema tu, basi ukishamtangaza mtu kuwa mwovu, rafiki zake wote wanakuwa washukiwa. Siasa ya namna hiyo ndiyo iliyowageuza Sulpicius na Pompeius kuwa mahasimu. Cicero, aliyekianza kitabu chake kwa kisa chao, angepaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo.

Simtetei Caesar kwa kusema haya. Walioona jamhuri inakufa walikuwa na sababu. Lakini kukataa kumtii rafiki katika uovu ni jambo moja, na kuung’oa moyo wako kwa amri ya wengi ni jambo lingine. Kitabu *Laelius* hakikuzitenganisha hali hizo mbili. Kinashauri urafiki na asiyefaa ufumuliwe polepole kama mshono badala ya kuchanwa, na ushauri huo una utu, lakini unamdhania mtu aliye hai ambaye unaweza kuachana naye. Kwa aliyekufa akiwa na makosa yake, kiko kimya.

Karne moja baadaye mwanafalsafa Seneca alilichukua suala hili kwa namna yake. Barua zake 124 kwa rafiki yake Lucilius, alizoziandika katika miaka ya mwisho kabla ya mfalme mkuu Nero kumlazimisha ajiue mwaka 65 BK, zinarudi kwenye urafiki mara kwa mara. Anataka hukumu itangulie na imani ifuate: mchunguze mtu kabla ya kumwita rafiki, na ukishamwita, mfungulie moyo wote. Anawageuzia kibao Waepikureo kwa hoja ya kupendeza: wao walisema unahitaji rafiki ili ukiugua awepo wa kukaa kando ya kitanda chako, yeye anasema unamhitaji ili uwe na mtu ambaye utakaa kando ya kitanda chake. Uadilifu unahitaji mahali pa kufanyia kazi.

Ila Seneca ni Mstoiko, na shule yake inamdai aseme kwamba mwenye hekima hapungukiwi na kitu akimpoteza rafiki. Analinganisha na mchongaji Phidias: sanamu ikipotea, atachonga nyingine. Nimeusoma mfano huo mara nyingi na bado unanikera, kwa sababu sanamu haikuwahi kukujua. Na Seneca mwenyewe hakuweza kuishi ndani yake. Katika barua ya 63, akimfariji Lucilius kwa kifo cha rafiki aitwaye Flaccus, anakiri kwamba alimlilia Annaeus Serenus kupita kiasi, hata akawa mfano wa mtu aliyeshindwa na huzuni, kwa kuwa hakuwahi kufikiri kwamba aliye mdogo anaweza kutangulia. Mstoiko angesema huo ni udhaifu wake. Mimi naamini zaidi barua hiyo ya 63 kuliko ile ya Phidias. Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba saa yake ya kufa ilipofika na akakatazwa kuandika wasia, Seneca aliwaambia rafiki waliokuwapo kwamba anawaachia kitu kimoja alichobaki nacho, taswira ya maisha yake.

Mazungumzo haya yote yaliwahusu wanaume huru wenye mali. Cicero hakuutilia maanani urafiki wa wanawake, ingawa ulikuwapo: huko Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, kumepatikana kibao cha mti cha mwaka wa 100 BK hivi, ambacho ndani yake Claudia Severa anamwalika Sulpicia Lepidina kwenye siku yake ya kuzaliwa na kumwita dada, akimalizia kwa mkono wake mwenyewe. Watumwa nao waliingia kwa mlango wa nyuma. Seneca alithubutu kusema kwamba watumwa ni rafiki wa hali ya chini. Cicero alipomwacha huru katibu wake Tiro mwaka 53 KK, mdogo wake Quintus aliandika kwa furaha kwamba mtu huyo hakustahili hali ile, na kwamba sasa wamempata awe rafiki. Barua hiyo inagusa moyo. Inaonyesha pia kwamba, hata kwao, wema wa Tiro ulitambuliwa miaka mingi akiwa bado mali ya mtu, na wema huo peke yake haukutosha kumfanya rafiki.

Anabaki Atticus, aliyetunukiwa kitabu. Alikuwa Mwepikureo, akaishi Athene karibu miaka 20, akajiepusha na siasa. Cornelius Nepos, aliyemfahamu na kuandika maisha yake, anasema matajiri walipotaka kuwachangia waliomwua Caesar, Atticus alikataa kujiunga: mali yake iko wazi kwa Brutus kama rafiki, lakini si kwa chama. Brutus alipokimbia Italia akiwa ameshindwa, Atticus alimpelekea sesterti 100,000, kisha akaagiza apewe 300,000 nyingine huko Epirus. Mark Antony, jemadari wa Caesar, alipotangazwa adui wa nchi, Atticus alimsaidia mkewe Fulvia na watoto wake, wakati hakuna aliyetarajia kwamba Antony angerudi. Hakuna Mrumi aliyeipita vizuri zaidi mizani ya methali yetu ya dhiki.

Antony alirudi. Tarehe 7 Desemba mwaka 43 KK askari wake walimwua Cicero, na kichwa na mikono yake vikawekwa hadharani Roma, kwenye jukwaa alilokuwa akihutubia. Kwa Atticus, Antony aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe kumhakikishia usalama, na baadaye alisaidia kumwoza binti wa Atticus kwa jemadari Agrippa. Nepos anayasimulia haya kama matunda ya busara, na katika simulizi yake yote hamwonyeshi Atticus akimlilia Cicero. Kwa sheria ya *Laelius* Atticus hana hatia: hakuombwa la aibu, wala hakulitenda. Bado naona alikuwa na deni ambalo sheria ile haikulijua, na ambalo Matius, mwaka mmoja kabla, alikuwa amelilipa kwa Caesar mbele ya watu, huku akitishwa.